Dola ishirini za Jumanne Kuu

Tulikuwa tumemaliza kula, mama ametoa sahani, chai ndo inakuja, na mpwa wangu (anasoma mambo ya siasa chuo kikuu, mwaka wa pili, ni wale watoto wa kuuliza swali wakiwa tayari na jibu) akanigeukia akasema, "Anko, si wewe ulikuwa Marekani 2008? Ile Jumanne Kuu ya Obama na Hillary, nani alishinda?"

Nikajibu kabla hajafunga mdomo. Obama. Bila wasiwasi. (Jumanne Kuu ni ile siku majimbo mengi ya Marekani yanapiga kura pamoja kuchagua mgombea urais wa chama.)

Kijana akachukua simu, akapekua kidogo. "Lakini Hillary alichukua California. New York. Massachusetts. Hata New Jersey, si ndo mlikuwa mnakaa huko?"

"Ndiyo, lakini..."

"Sasa hiyo bila wasiwasi imetoka wapi?"

Watu wakacheka, chai ikafika, maneno yakahamia bei ya mbolea. Hiyo ni kama wiki sita zimepita na mimi bado niko kwa ile meza. Nikiwa kwa matatu nafikiria, nikioga nafikiria, kwa sababu kijana alinishika mahali ambapo yeye mwenyewe hajui. Usiku ule mimi sikusema Obama ameshinda.

Nilisema Hillary. Nilisema kwa sauti, na nikaweka pesa.

## Nyumba ya Journal Square

Tulikuwa wanaume wanne kwa nyumba ya vyumba viwili huko Jersey City, karibu na Journal Square, unatoka nje unashika treni ya PATH na kwa muda mfupi uko Manhattan. Wote Wakenya. Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kuangalia wazee, mara nyingi shifti ya usiku, na rumeti wangu wa chumba kimoja alikuwa anapanga bidhaa kwa stoo. Tulimwita Jaduong, si kwa sababu alikuwa mzee, alikuwa na miaka ishirini na saba, ni vile kipara kilimwahi. Yeye aliniita Nakuru. Hata nikiwa mgonjwa, "Nakuru, umekunywa dawa?"

Januari 2008, ile ya ghasia za baada ya uchaguzi Kenya, sihitaji kuwaeleza. Kila mtu anasoma hapa ana yake. Yangu ni kwamba mama alikuwa amejaza nyumba wageni kumi na mmoja waliotoka upande wa Eldoret na godoro tatu, na wengine waliokosa nyumba ya ndugu walikuwa wamelala kwa uwanja wa maonyesho. Ya Jaduong ni kwamba ndugu yake mdogo alikuwa kibarua wa shamba la maua Naivasha, na mara ya mwisho kuongea naye alikuwa amejificha kwa kituo cha polisi na mamia ya watu wengine wanangoja basi la kuwarudisha Kisumu. Baada ya hapo simu yake haikushika.

Sasa fikiria watu hao wawili wanalala chumba kimoja, kitanda hapa, kitanda pale, katikati kuna nafasi ya kuweka viatu.

Hatukugombana. Ndo ile shida, hatukugombana hata siku moja. Maneno ya Kibaki, aliyetangazwa mshindi, na Raila, aliyepinga, yaliachwa nje ya mlango na hakuna mtu aliyeandika hiyo sheria. Simu ya nyumbani mtu alienda kuongelea kwa ngazi. Ukirudi unaulizwa "wako sawa?" unasema "wako sawa," sufuria inafunikwa, maisha yanaendelea.

Kwa hivyo siasa pekee tulizoruhusiwa kuongea zilikuwa za Wamarekani. Na tuliziongea, wacha. Hakuna hata mmoja wetu alikuwa na kura pale, lakini ungetusikia ungefikiri sisi ndo tunaendesha kampeni ya Ohio.

## Bahasha ya stima

Tarehe 5 Februari nilikuwa off. Mchana ule New York walikuwa wanafanyia timu yao ya Giants gwaride la kombe, treni zimejaa watu wa jezi ya bluu wamelewa saa nne asubuhi, nikakumbuka kufikiria kwamba huu mji leo una washindi wake tayari na hawajali mwingine.

Jioni tukapika ugali na zile mboga zao za kolardi zinazojifanya sukuma. Nikachukua bahasha ya bili ya stima, nikachora mstari katikati, H huku, O kule. Majimbo 22 ya Demokrati usiku mmoja, mbali na vile visiwa vya Samoa ya Marekani. Jaduong akasema, "Nakuru, weka pesa." Dola ishirini. Mimi Hillary, yeye Obama, mashahidi wawili kwa kochi.

Kitu hatukusema ni kushinda maana yake nini.

Hata sasa nikifikiria naona ajabu. Watu wazima wanne, wametoka nchi ambayo wiki hiyo hiyo inachomeka kwa sababu ya swali la nani ameshinda, na wanaweka kamari kwa nani ameshinda bila kuuliza tutajuaje.

Georgia ikaenda kwa Obama mapema kabisa, vituo vimefungwa tu na tivi imeshatangaza. Jaduong akapiga makofi mara moja. Halafu Massachusetts ikaenda kwa Hillary na mimi nikasimama, kwa sababu Massachusetts ndo nyumbani kwa Ted Kennedy, na Kennedy wiki iliyopita tu alikuwa amemuunga mkono Obama, John Kerry pia yuko upande huo, gavana pia, na bado mama Hillary akachukua. Nikaandika kwa bahasha, nikaweka na alama ya mshangao. New Jersey yetu ikaenda kwa Hillary. New York, hiyo ni kwake. Tennessee, Oklahoma, Arkansas. Kwa Obama nako zinaingia kama mvua ya manyunyu, Delaware, Alabama, Kansas, North Dakota, Minnesota, majimbo mengine nilikuwa nauliza spelingi.

Missouri ikatupiga chenga. Kuna waliomtangazia Hillary, nikaandika, halafu kura za mjini St. Louis zikaendelea kuingia na ikageuka, ikawa ya Obama kwa asilimia moja na kitu. Nikafuta kwa kalamu, ile ya kufuta hadi karatasi inatoboka. Jaduong alinitazama nikifuta. Hakusema kitu.

## Chapati nne kwa watu wawili

Hapa lazima nieleze kidogo kwa sababu bila hii hamtaelewa kelele ya Idaho.

Kwa Demokrati mshindi wa jimbo habebi kila kitu. Wajumbe, wale wanaoenda mkutano wa chama kumchagua mgombea, wanagawanywa kulingana na kura, na wengi wao wanagawanywa chini kabisa, wilaya kwa wilaya za bunge. Sasa chukulia wilaya ina wajumbe wanne. Chapati nne, watu wawili. Ukipata asilimia 55 unachukua mbili, na mimi wa 45 nachukua mbili. Ukipata 60, bado mbili mbili. Ili uchukue tatu lazima upite 62.5. Lakini wilaya ya chapati tatu, ukinipita kwa kura moja tu, wewe mbili mimi moja. Yaani mtu anaweza kushinda jimbo kubwa, tivi ikapiga tarumbeta, na kwa sahani hakuna tofauti ya maana.

Watu wa Obama walikuwa wamekaa chini na hiyo hesabu. Walienda mahali Hillary hakwenda kabisa, yale majimbo madogo ya kokasi, ambako hakuna kura ya siri ya kawaida, watu wanakusanyika ukumbini na kujipanga kwa upande wa mtu wao. Jumamosi kabla ya Jumanne Kuu Obama alikuwa Boise, Idaho. Mgombea wa Demokrati, Idaho, siku tatu kabla ya siku kubwa hivo! Sisi kitu pekee tulichojua cha Idaho ni viazi.

Wakaja na matokeo. Obama karibu asilimia 80.

Wajumbe 15 kwa 3.

Jaduong alipiga nduru hadi jirani wa chini akagonga dari. New Jersey, ambako zaidi ya watu milioni moja walipiga kura na Hillary akamzidi mwenzake kwa kura zaidi ya laki moja, ilimpa wajumbe 59 kwa 48, faida ya 11. Idaho, ambako walijitokeza watu kama 21,000 jimbo zima, ilimpa Obama faida ya 12.

Ile hesabu kamili tuliijua baadaye. Usiku ule tulijua tu harufu yake, na harufu ilitosha kwa Jaduong.

## Nyinyi

Ilikuwa imepita saa sita usiku, California imeshaenda kwa Hillary, na mimi nikaweka kalamu chini nikasema mambo yamekwisha, toa dola ishirini.

"Hesabu wajumbe," Jaduong akasema.

"California. New York. New Jersey. Wewe unaniletea Idaho?"

"Sheria yao ni wajumbe, Nakuru. Si mimi niliandika."

"Watu wamepiga kura. Mwenye kura nyingi ndiye mshindi. Hao wa Idaho ni wachache wamesimama kwa ukumbi wanahesabiana vichwa, hiyo nayo ni kura?"

Na yeye akaniangalia, hakupandisha sauti, karibu alinong'ona.

"Kama mlivyohesabu nyinyi?"

Tivi ilikuwa inaendelea. Mmoja wa wale wawili kwa kochi akaamka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Kuna neno moja tu pale ambalo lilinichoma, na si kuhesabu. Ni nyinyi. Mimi sikuwa nimehesabu kitu, nilikuwa nimesimama Jersey City na kadi ya simu ya dola tano. Lakini nilijua nyinyi ni nani, watu wa upande wa Kibaki, na yeye alijua najua, na hiyo mwezi mzima tulikuwa tunairuka kama maji machafu mlangoni.

Sikumjibu. Nikaingia chumbani. Baada ya muda naye akaingia, akavua viatu, akaviweka pale katikati.

## Tulibadilishana

Hii sehemu ndo imenichukua wiki sita.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia ile hadithi kama hadithi ya ukali wa Jaduong. Vile mtu mpole siku moja alifunguka. Wiki mbili zilizopita niko kwa foleni ya benki ndo ikaniingia kwamba hebu ngoja, ebu sikiliza tulisema nini.

Mimi, mtu wa Nakuru, ambaye nikiongea na watu wetu kwa ngazi nilikuwa nasema "imetangazwa, ameapishwa, asiyetaka aende kotini," nilikuwa nimesimama hapo nalia eti kura za watu ziheshimiwe, taratibu si kitu, angalieni wingi wa watu. Na Jaduong, ambaye watu wake walikuwa wanasema sheria yenu hiyo ya kutangaza usiku ni karatasi, tunataka kura, alikuwa ananiambia taratibu ni taratibu, hata kama inampa Idaho nguvu ya New Jersey.

Kila mmoja alikuwa amevaa shati la mwenzake. Na hakuna aliyeona.

Na mimi nina lingine, hili sijawahi kumwambia mtu. Hillary sikuwa nampenda wala kumchukia. Januari tulipopata habari Obama amekuja Jersey City kuhutubia pale chuo cha Saint Peter's, mimi pia nilijivuna, nilimwambia yule mzee niliyekuwa namlisha kwamba baba yake huyu ni wa kwetu, na mzee akauliza kwenu ni wapi, nikasema Kenya, sikusema Nakuru wala Kogelo, kijiji cha baba yake Obama. Kenya. Kufikia Februari ilikuwa imebadilika. Mtoto wa Kogelo ameshakuwa mtoto wa kule. Kila akishinda jimbo nilikuwa naona Jaduong ameongezewa kitu, na mimi kwa kichwa changu nilikuwa na mama na godoro tatu na sikutaka aongezewe. Ni ujinga, najua. Jamaa alikuwa hajui kama ndugu yake yuko hai na mimi namwonea wivu wa North Dakota.

Ule utani wa zamani kwamba Mjaluo ataongoza Marekani kabla ya kuongoza Kenya, siku hizi tunaucheka wote. Usiku ule haukuchekesha upande wowote wa chumba.

## Haya, nani alishinda?

Kijana anataka jibu kwa hivyo nimpe langu.

Ukichukua hesabu ya mwisho, ile iliyokuja kutajwa baada ya vumbi kutulia, ni wajumbe 847 wa Obama kwa 834 wa Hillary. Tofauti 13. Idaho peke yake ni 12 kati ya hizo, kwa hivyo Jaduong alikuwa sawa kupiga nduru. Majimbo, 13 kwa 9, na hiyo ya tisa, New Mexico, ilichukua siku tisa kutangazwa kuwa ya Hillary. Kura za watu wa kawaida zilikuwa karibu sawa kabisa. Mtu akikwambia kuna aliyemgaragaza mwenzake usiku ule, huyo anauza gazeti.

Lakini kuna swali la nani alihitaji nini. Hillary alikuwa amejipanga iishe siku hiyo. Kwa nini nasema hivyo, kwa sababu kesho yake asubuhi ilitoka habari kwamba ameikopesha kampeni yake mwenyewe dola milioni 5, wakati Obama Januari peke yake alikuwa amekusanya milioni 32. Mtu aliyepanga mechi ya dakika tisini, ikienda kwa muda wa ziada na hana wachezaji benchi, hiyo sare ni kichapo. Na ndivyo ilivyokuwa, Februari yote iliyobaki hakushinda mahali. Louisiana, Nebraska, Washington, Maine, Virginia, Maryland, Wisconsin, Hawaii, zote zikaenda. Kufika Juni 3 jamaa ana wajumbe wanaotosha.

Sasa shida yangu na jibu hili ni kwamba najua mwisho. Tuseme Wisconsin ingeenda kwa Hillary. Tuseme angepata pesa wiki moja mapema. Ule ule usiku, ile ile bahasha, tungesimulia vile mama alibeba California na kumfundisha Kennedy adabu nyumbani kwake. Hakuna namba hata moja ingebadilika. Mpwa wangu anafikiri mimi nilisahau, kumbe sikusahau, nilirekebisha. Novemba ilipofika na sisi wote tukalia mbele ya tivi (mimi nililia, sikatai, na Kibaki akatangaza sikukuu ya taifa) basi kila kitu cha nyuma kikapakwa rangi moja, na mimi nikajiweka upande wa rangi hiyo.

Na kuna jambo moja la Hillary ambalo bado nalitetea hata sasa. Sipendi Idaho. Yaani Idaho kama hesabu. Mama wa shifti mbili Newark, yule hawezi kwenda kusimama kwa ukumbi jioni nzima, na kura yake ya sanduku imefinywa hadi inazidiwa na ukumbi wa watu ambao Novemba jimbo lao lilimpa McCain wa Republican bila kufikiria. Sheria ilifuatwa, ndiyo. Mchezaji aliyeisoma sheria alistahili, ndiyo. Lakini ilivyoniuma usiku ule haikuwa chuki peke yake, kulikuwa na chembe ya hoja ndani. Mwezi wa tatu Texas ilirudia kitu kile kile, Hillary akapata kura nyingi, Obama akaondoka na wajumbe wengi, na watu wakaanza kugombana upya mwanzo hadi mwisho.

## Jumamosi

Kwa nini wao waligombana na ikaishia kwa tivi?

Jibu rahisi ni wale ni wazungu wana mifumo. Hilo jibu lilikufa Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipovamia bunge lao, tuliliona likifa moja kwa moja tukiwa na chai mkononi. Watu ni watu.

Mimi nafikiri ilikuwa Jumamosi. Usiku ule wa Jumanne mtu wa Hillary akilala na hasira, Jumamosi kuna majimbo mengine. Jumanne ijayo kuna mengine. Kila aliyeumwa alikuwa na mahali pa kupeleka maumivu siku nne baadaye. Sisi tarehe 30 Desemba tulipewa 4,584,721 kwa 4,352,993, tivi zikazimiwa matangazo ya moja kwa moja, mtu akaapishwa jioni hiyo hiyo jua linazama, na Jumamosi yetu ilikuwa miaka mitano mbele. Halafu siku chache baadaye mzee Kivuitu mwenyewe, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi aliyesoma zile namba, akawaambia waandishi wa habari hajui kama Kibaki alishinda.

Hajui!

Na tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilipokuja kuandika ripoti Septemba ikasema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba hakuna anayeweza kujua. Watu zaidi ya elfu moja wako chini ya ardhi kwa swali ambalo jibu lake halipo. Nilisoma hiyo nikiwa kazini, usiku, mzee wangu amelala, nikasoma ile sehemu mara mbili.

Tofauti ninayoiona kwa huyu mpwa wangu ni kwamba yeye 2022 alikuwa amekaa jikoni hapa hapa na simu na daftari anajumlisha fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo cha kura, zile zaidi ya 46,000 zilizowekwa hadharani, anapiga kelele "Anko, Kakamega imeingia!" kama mimi na bahasha yangu. Matokeo yalivyotangazwa makamishna wanne wa tume ya uchaguzi walikuwa wamejitenga, kwa hivyo sisemi tulifika. Lakini kijana alikuwa na kitu cha kujumlisha. Labda ndo maana anaamini kila swali la nani alishinda lina jibu kwa simu.

## Nikampigia

Jaduong sasa yuko Dallas, ana watoto watatu na kampuni ndogo ya malori. Tunatakiana heri za Krismasi kwa WhatsApp, zile picha za mishumaa. Kupiga simu tulikuwa hatujapigiana kama miaka minne. Jumapili iliyopita nikapiga.

"Nakuru! Nani amekufa?"

"Hakuna. Nataka kukuuliza kitu cha kijinga."

Nikamweleza habari ya mpwa, meza, bahasha. Alicheka sana kwa bahasha. Nikamwambia kuna kitu ulisema usiku ule, saa sita imepita. Akanyamaza, akasema hakumbuki. Nikakirudia neno kwa neno. Akanyamaza tena, nikasikia mtoto nyuma anaitisha chaja.

"Inaonekana ni mimi," akasema. "Lakini sikumbuki, wallahi. Nilikuwa siko hapo kabisa ile wiki. Nakumbuka Missouri ulivyotoboa karatasi."

Nikamwambia mimi nakumbuka tarehe 28 Februari, msuluhishi Kofi Annan amekaa katikati na wale wazee wawili, Kibaki na Raila, wanaweka sahihi nje ya Harambee House, tuliangalia kwa kompyuta yako inagandaganda, hatukuongea. Hiyo anaikumbuka. Alisema mimi nilitengeneza chai ikawa na chumvi.

Kisha nikamuuliza lile swali. Nani alishinda?

"Si wewe ulinilipa?"

"Nilikulipa nini?"

"Ile ishirini. Asubuhi. Mimi nilikuwa nalala, ukaiweka kwa kiatu changu ukaenda job."

Sina kumbukumbu hiyo hata kidogo. Nimejaribu. Nimepanga ule asubuhi kutoka mwanzo, koti, ngazi, treni, na hakuna mahali nimeinama kwa kiatu. Na kama ni kweli basi nililipa kabla New Mexico haijatangazwa, kabla mtu yeyote Marekani hajajua nani yuko mbele, halafu nikakaa miaka yote hii nikibishana na mwenyewe kama nilishindwa.

Nikamwambia pengine ilikuwa mtu mwingine.

"Nakuru, nani mwingine ananiwekea pesa kwa kiatu? Nilinunua kadi nne za simu pale kwa yule Mhindi. Ya tatu ndo ikashika, ndugu yangu akapokea, alikuwa ameshafika Kondele, Kisumu."